Mfuniko wa Tenki

Leo nina neno na mtu mmoja tu. Ni yule aliyenunua trekta lake la kwanza baada ya mavuno, likashushwa kwenye semitrela huku watoto wanalikimbilia, majirani wakaja kumpa mkono wa hongera, na sasa mvua zimeanza na trekta limesimama katikati ya shamba la mtu. Wewe mwenye uzoefu wa trekta unaweza kwenda kuangalia ugali jikoni. Ila usiende mbali, maana kuna mahali nitakutaja, na si kwa uzuri.

Mimi nilikuwa mtu huyo miaka michache iliyopita. Nilinunua Massey Ferguson 135 kuukuu, moja ya yale yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini ni Perkins ya silinda 3, nguvu za farasi kama 45, si trekta la kutishia mtu, lakini jembe la disi mbili linalivuta bila manung'uniko. Aliyeniuzia alilipaka rangi nyekundu mbichi kila mahali, hadi kwenye mabomba ya mpira. Leo nikiona bomba la mpira lililopakwa rangi huwa najiuliza linaficha nini. Siku ile niliona linapendeza.

Likalima siku tisa bila tatizo. Siku ya kumi likazima.

Halikuzima kwa kishindo. Lililima dakika kama arobaini, likanyamaza. Dereva wangu na utingo wake wakafungua tenki wakaona dizeli ipo, wakatoa upepo kwenye filta, wakapiga stata, likawaka. Dakika arobaini tena, kimya. Msimu wa kulima kwetu hauna subira. Mvua ikinyesha watu kumi wanataka eka zao kwa siku moja, na aliyekulipa nusu mapema anakuja kukaa chini ya mbuyu wako na kukutazama tu, bila kusema neno. Nikaita fundi wa gulioni. Akaja na mfuko wake, akafungua tenki, akachungulia, akasema pampu ndogo ya kuvuta dizeli imechoka. Nikanunua nyingine, akafunga, trekta likanguruma vizuri, akalipwa, akapanda bodaboda. Dakika arobaini. Fundi wa pili akafungua tenki, akachungulia, akasema ni nozo. Nozo zikaenda mjini kupimwa, zikarudi na bili. Likawaka, tukashukuru, likazima. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anapita barabarani alisimama kwa hisani yake, akafungua tenki, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema ringi zimekwisha, injini ishushwe.

Msikilizaji, kama umenisikiliza kwa makini umeshajua ugonjwa. Mimi niliyekuwa pale sikujua.

Nikapewa namba ya mzee mmoja ambaye alitumia ujana wake kwenye karakana za mashamba makubwa. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nakusikiliza."

"Mzee, nina trekta lina tatizo la pampu."

"Nani kakwambia ni pampu?"

"Mafundi."

"Sijauliza mafundi wamesema nini. Trekta lenyewe linafanya nini?"

Nikamwambia linazima. Akauliza linazimaje: ghafla kama taa umeme ukikatika, au linafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta? Nikababaika. Kwa siku zote zile nilikuwa nakaa kivulini na simu mkononi, natafuta fundi mwingine. Sikuwahi kuwa juu ya trekta wakati linazima. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko kama angenigombeza: "Dereva yuko hapo? Hebu mpe simu."

Nikaweka sauti ya nje. Dereva wangu, kijana ambaye hakuna fundi aliyemuuliza chochote, wala mimi bosi wake, alikuwa na kila kitu kichwani. Linafifia, mzee. Linakohoa mara mbili tatu, linarudi kidogo, halafu linalala. Moshi hakuna. Joto halijapanda, mshale uko palepale. Halafu akasema jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia: "Kinachonishangaza, mzee, tukijaza tenki linazima mapema. Likiwa nusu linakaa zaidi."

Upande wa pili wa simu mzee akacheka.

"Likizima mnaanza na nini?"

"Tunafungua tenki kuangalia dizeli."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Mfuniko wa tenki ni wake wa asili?"

Hapo kijana akanitazama. Mfuniko wa asili ulidondoka shambani mwanzoni mwa mvua. Walitafuta wakakosa. Hawakuniambia, wakaweka kifuniko cha kopo la rangi wakakikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maji ya mvua yasiingie. Ilikuwa kazi safi kabisa. Tone haliingii.

"Sasa," mzee akasema, "leo likizima msiguse kitu chochote. Sogea na huyo bosi wako, fungua mfuniko polepole, mtege sikio."

Tulisubiri dakika arobaini kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Likakohoa, likalala. Kijana akalegeza mpira wa tyubu, na tenki likavuta pumzi: fyuuuu, sauti ndefu, kama mtu aliyezama akaibuka. Akapiga pampu ya mkono mara kadhaa, likawaka. Tukaacha mfuniko umekaa juujuu bila kukazwa, tukalima hadi magharibi.

Mama aliyewahi kutoboa kopo la maziwa anaielewa habari hii kuliko fundi wangu wa gulioni. Toboa tundu moja, maziwa yanadondoka kwa shida na mwisho yanagoma. Toboa la pili upande wa pili, yanatiririka, kwa sababu hewa imepata pa kuingilia. Tenki nalo ni vivyo hivyo. Kila dizeli inavyotoka lazima hewa ichukue nafasi yake, na mfuniko wa asili una kitundu kwa ajili hiyo. Ukiziba, tenki linajikunja kwa ndani, pampu inavuta mpaka inashindwa. Na tenki likijaa, hewa iliyobaki juu ni kidogo, kwa hiyo linakabwa haraka zaidi. Kijana alikuwa ameshaiona dalili yenyewe, ila hakuna aliyempa nafasi ya kuisema. Na kila fundi aliyekuja alianza kwa kufungua tenki, yaani alilitibu kwanza bila kujua, ndipo akabadilisha kitu na kudai pesa. Wala sisemi walinidanganya. Waliwasha injini ikawaka mbele ya macho yao, wakaondoka wakiamini wameponya.

Ndiyo maana nasema na wewe mmiliki mpya. Mafundi wapo na pesa ya kuwalipa inatafutwa. Shida ni kwamba tunakwenda kwao na jina la ugonjwa badala ya dalili. Trekta halisemi. Wewe ndiye mdomo wake, na wewe mwenyewe hujakaa nalo. Mama akimpeleka mtoto zahanati haanzi kwa kusema "nipe dawa ya figo." Anasema homa ilianza jana jioni, ametapika mara mbili, hataki kunyonya, na juzi alikunywa maji ya lambo. Hilo la maji ya lambo ndilo daktari analolitafuta. Kwa trekta, swali hilo ni: kabla tatizo halijaanza, nini kiliguswa mwisho? Kilidondoka nini, kilifungwa nini, dizeli ilinunuliwa wapi, nani aliliendesha ambaye si dereva wako? Na ukitaka jibu la kweli, usiulize kwa hasira. Vijana wangu walificha mfuniko kwa sababu walijua nitawakata mshahara. Kwa woga huo nikanunua pampu nisiyoihitaji.

Simu siku hizi imerahisisha mambo. Rekodi mlio wa injini kabla haujafa, upige picha moshi, umtumie fundi aliye mbali. Moshi mweusi wakati jembe limezama ni injini kulemewa au kukosa hewa. Kwa vumbi letu la Kongwa anza na kisafisha hewa, kile chenye bakuli la oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji. Wa bluu ni oili inaungua, na hapo ndipo yule dereva wa lori angekuwa na haki ya kutaja ringi. Trekta langu halikuwa na moshi wowote. Angeuliza.

Nimetaja Kongwa. Ardhi hii imeshawahi kuona matrekta yamelala kwa mamia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa ule mradi wa karanga, na baadaye Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya eka milioni 3. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita yaliyokusanywa hadi Ufilipino, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Yalifika yamechoka, yakakutana na mizizi ya vichaka na udongo ambao kiangazi hukauka kama sakafu ya saruji, na watu waliotakiwa kuyaendesha na kuyatengeneza ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza. Mapema mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni karibu milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Mvua na udongo vilichangia, hilo kila mtu hapa analijua. Lakini mimi nikipita kule huwa nafikiria zile mashine zilizosimama, kila moja na tatizo lake, na mtu anayelijua tatizo hilo yuko bahari mbili mbali na pale.

Turudi kwetu. Kuna mambo ya aibu ambayo sitayakalia sana, ila nikiyaacha nitakuwa nimewatupa wengi. Trekta la aina hii huzimwa kwa kuvuta kitufe kinachokata dizeli. Asubuhi kisiporudishwa ndani, utapiga stata hadi betri ife na halitawaka. Mimi nimeshaita fundi kwa hilo. Alikirudisha kitufe kwa kidole kimoja, akadai nauli tu, na nikamshukuru kwa kutocheka mpaka alipofika barabarani. Lingine ni jembe kukataa kunyanyuka. Kabla hujasema haidroliki imekufa, tazama mkono wa PTO, yaani wa ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Kwenye 135 pampu ya haidroliki huzungushwa na shafti ileile ya PTO. Mkono ukiwa katikati, pampu haizunguki, na jembe litabaki chini hata ukilisomea dua. Watoto hupanda kuchezea trekta jioni, na mkono ule unawavutia.

Sasa kuhusu kutoa upepo, maana hata baada ya tatizo halisi kuondoka itabidi ujue, na husimuliwa mara chache kwa utulivu. Dizeli haipendi hewa ndani ya mabomba yake. Tenki likikauka, filta ikibadilishwa, au bomba likivuja, hewa inaingia na injini inagoma. Hakikisha dizeli ipo na koki ya tenki imefunguliwa. Legeza ile skrubu iliyo juu ya filta, kisha chini, kwenye pampu ndogo, piga mkono wake mdogo juu na chini. Itatoka povu. Endelea mpaka itoke dizeli safi bila povu hata moja, kaza ukiwa bado unapiga. Nenda kwenye pampu kubwa ya nozo, kuna skrubu mbili ndogo, ya ubavuni kwanza na ya juu baadaye, fanya vilevile. Mara nyingi hapo linawaka. Likikataa, legeza nati za mabomba kwenye nozo, mtu apige stata hadi dizeli iruke kidogo, kaza. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya bomba hilo. Dizeli inayotoka nozo ina nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo kwa nje huku ndani linaoza.

Na hili lishike, maana limewafanya watu wengi wanunue pampu: ukipiga ule mkono mdogo ukahisi hauna uzito wowote, unacheza tu hewani, pampu pengine ni nzima. Injini imesimama mahali ambapo kemu imeisukuma pampu hadi mwisho, kwa hiyo mkono hauna cha kuvuta. Zungusha injini kidogo kwa stata, jaribu tena. Fundi wangu wa kwanza alipiga mkono ule, ukacheza, akasema "umeona, bosi?" Nikaona. Niliona kitu ambacho hakikuwepo.

Vifaa navyo. Nati nyingi za trekta hili ni za inchi. Kwa nati ya 9/16, spana namba 14 haiingii, namba 15 inaingia lakini inacheza, na spana inayocheza hula pembe za nati mpaka fundi anayefuata aje na patasi. Nunua seti ndogo ya spana za inchi uiweke kwenye boksi la trekta, na boksi liwe na kufuli. Ukienda kununua spea usiseme "nataka ya Massey nyekundu." Namba ya trekta iko kwenye kibati chake, ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe, ziandike zote kwenye simu. Massey nyingi zinazotembea nchini zimetoka viwanda tofauti, nyingine Uingereza, nyingine Lahore kule Pakistani, na spea inayofanana kwa macho inaweza isikae.

Na sasa wewe mzoefu, rudi kutoka jikoni, nilikuahidi. Ukikuta trekta la mwenzio limegoma, usipande ukaanza kulegeza nati kabla hujasalimia. Muulize dereva. Badilisha kitu kimoja, ujaribu, kikishindikana kirudishe, ndipo uguse cha pili. Mafundi wawili wakigusa vitu vinne kwa saa moja, trekta likipona hakuna atakayejua limeponywa na nini, na likizidi kuugua hakuna atakayekubali kuwa yeye ndiye. Na ile tabia ya kugusanisha nyaya za stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini, mbele ya tairi la nyuma, iache leo. Trekta limetengenezwa likatae kuwaka likiwa kwenye gia. Ukipitia nyuma ya kizuizi hicho kwa bisibisi, litawaka na kuondoka papo hapo, na wewe ndiye uliye njiani. Wapo waliozikwa kwa sababu hiyo, na mazishi ya namna hiyo hayana maelezo ya kumpa mjane.

Yule mzee nilimtafuta baadaye kumpelekea asante, gunia la alizeti na nyanya kidogo. Hakulifungua gunia. Alitaka kuona kile kifuniko cha kopo la rangi. Akakigeuza mkononi, akausifu mpira wa tyubu jinsi ulivyofungwa, akachukua msumari na nyundo akakitoboa tundu moja katikati, akanirudishia. "Kitakusogeza," akasema, "ila mvua ikinyesha kifunike kwa bati, na ukifika mjini nunua wa kweli."

Nikafika mjini. Duka la kwanza lilikuwa na mifuniko mipya ya 135, inang'aa, ndani ya nailoni. Nikatoa mmoja, nikauweka mdomoni pale mbele ya kaunta, nikapuliza kwa nguvu. Mashavu yakajaa, hewa haikupita. Nikaurudisha, nikachukua wa pili, ukakataa vilevile. Wateja wakaanza kugeuka. Muuza duka akaacha kikokotoo chake.

"Bosi, unapiga filimbi?"

"Natafuta unaolia," nikamwambia, nikanyoosha mkono kuchukua wa tatu.